Hodi ya Bwana Guerau

Mfuniko wa sufuria juu ya jiko la mkaa ulikuwa ukigongagonga gizani, maana umeme ulikatika kabla maharage hayajaiva. Wajukuu wawili wakausukuma mlango wa jikoni kwa kishindo. Bibi Nyanzala akasema tu, "Mvunja ngome, kwake hupiga hodi." Wakataka kujua ni nani huyo aliyevunja ngome. Akawasogezea mkeka.

Methali hii ilianza hivi. Zamani sana, katika nchi ya Katalunya, palikuwa na bwana wa ukoo mkubwa aliyeitwa Guerau, jemadari wa askari wa milimani. Askari hao walikuwa na desturi yao: kabla ya vita walipiga vyuma juu ya mawe mpaka cheche zikaruka, huku wakipaza sauti, "Amka, chuma!" Adui wakisikia, wanakimbia.

Mfalme akamtuma ng'ambo ya bahari, naye akamwacha mkewe, Sibila, ana mimba. Akakaa huko miaka saba. Ngome alizovunja hakuzihesabu; alichohesabu ni umri wa binti asiyemjua. Kila alipoona mtoto wa watu anateka maji, alijiuliza: wangu sasa ana kimo gani?

Siku ya kurudi, alipoiona nyumba yake, furaha ikamzidi. Akapiga chuma langoni, na askari wake wote wakapiga. Binti yake, Elisenda, ambaye tangu asubuhi alikuwa dirishani akimngoja baba, akadhani maadui wamekuja. Akakimbilia ghala la ngano, akajifungia kwa ndani.

"Leteni shoka," jemadari akaamuru.

"We!" Sibila akamzuia. "Huo nao ni mji wa kuteka? Haya, vunja, halafu tuone kama atakuita baba."

Guerau akanywea. Akavua deraya, akavua kofia ya chuma, akaketi vumbini mbele ya mlango.

"Hodi," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, askari wakaangalia pembeni.

"Nani?"

"Guerau."

"Mwongo! Huyo ni baba yangu, na baba yangu hapigi kelele."

Akausogelea mlango.

"Nilidhani utafurahi, mwanangu," akasema. "Huko nilikokuwa sikujifunza namna nyingine ya kufika."

Akabisha tena, na tena, mpaka jua likahamia ukuta wa pili. Askari waliomjua miaka yote hawakuwahi kumwona akingoja kufunguliwa. Hapo ndipo mmoja wao, mzee mwenye kovu shavuni, alipomnong'oneza mwenzake, "Kumbe mvunja ngome, kwake hupiga hodi." Wakaenda nalo neno hilo majumbani mwao.

Komeo likalia. Elisenda akachungulia, akamtazama yule mtu mzima anayelia, akamshika kidole kimoja.

"Baba, karibu ndani," akasema.