Zamu ya Maji ya Mfiwa

Mfano huu aliusimulia kwanza Mwinjilisti Elinihaki Mrutu, Jumapili ya mavuno ya mwaka 2021, katika mtaa mmoja wa milimani ambako tangawizi humwagiliwa kwa zamu.

Kulikuwa na mkulima mmoja aliyetamani jambo moja tu: kuwa mlinzi wa ndiva. Ndiva ni lile bwawa dogo linalokusanya maji ya mfereji, na mlinzi wake ndiye huyafungulia mashamba, kila shamba kwa zamu yake. Babu yake alikuwa mlinzi, baba yake pia. Yeye sasa alikuwa na mvi, na mlinzi aliyekuwapo alikwisha kutangaza kwamba magoti yake hayapandi tena kilima.

Lakini lilikuwapo jambo. Katika kiangazi kimoja kikali, mama aliyepakana naye alifiwa na mume siku ya zamu yake ya maji. Desturi ya kule ni kwamba zamu ya mfiwa hapewi mtu mwingine. Maji yake hubaki ndivani mpaka matanga yaishe. Mkulima wetu alikuwa mazikoni pamoja na wenzake. Akasingizia tumbo, akaondoka, akayafungulia maji yale kwenye shamba lake. Mama alipotoka matangani alikuta ndiva tupu, na mbegu yake yote ya tangawizi ikakaukia ardhini. Mlinzi alikuwa amepita na kuyaona matuta ya mkulima yamelowa. Akaandika: zamu ya mfiwa imechukuliwa na fulani.

Zamani jambo hilo lingeisha lenyewe. Zamu ziliandikwa ubaoni kwa chaki. Mvua ikinyesha, au mkono wa mtu ukipita, hakuna ushahidi. Lakini chama cha mfereji kilikwisha kuhamia kwenye simu, kwa namna mpya. Kila zamu inapoandikwa, hupigwa muhuri wa tarakimu. Muhuri huo hutokana na maneno ya zamu hiyo, pamoja na muhuri wa zamu iliyotangulia. Ukibadili herufi moja ya juzi, muhuri wa juzi unakataa, wa jana unakataa, na wa leo nao unakataa. Tena nakala imo katika simu ya kila mwanachama. Nani ataizunguka milima yote akizifuta?

Na kabla ya kumchagua mlinzi, chama husoma mbele ya mkutano kila kilichoandikwa juu yake.

Basi mkulima akamwendea katibu wa chama, mwanamke aliyeielewa kazi ile vizuri. Akazungukazunguka kwa habari za mvua na bei ya mbolea, kisha akamwomba amfutie mstari mmoja tu.

“Baba, kwenye simu yangu naweza kuufuta sasa hivi,” katibu akamwambia. “Ila simu za wenzako wote zitasema yangu ni mwongo. Utakuwa umeniponza na mimi, na mstari wako uko palepale.”

“Basi nimekwisha.”

“Umekwisha? Kwani nimekwambia nafasi ya kuandika imejaa? Nyuma hapaguswi. Mbele pako wazi.”

Mkulima akarudi nyumbani amenuna. Aliona amefanyiwa mzaha. Siku kadhaa alilima, na kila alipoinua jembe aliliona shamba la yule mama ng’ambo ya mfereji. Ndugu zangu, mmewahi kulima mkitazamana na mtu mliyemkosea? Jembe huwa zito.

Mwisho akavuka. Mama alikuwa anapalilia, wala hakusimama.

“Shemeji,” mkulima akasema, “maji yako ya matanga niliyachukua mimi.”

“Hilo ninalijua. Nimelisoma kwenye simu mpaka nimechoka. Nilikuwa nangoja kulisikia kwa mdomo wako.”

Akamwomba radhi. Akampa zamu yake ya wiki ile, jua likiwa kali na tangawizi yake mwenyewe ikianza kunyauka, na akampa mbegu ya kupanda matuta yaliyobaki wazi. Mama akaipokea mbegu. Alimwambia tu kwamba tumbo lake lilipona haraka sana siku ile.

Siku ya mkutano, katibu akasoma. Ule mstari wa zamu ya mfiwa ulipofika, watu waligeuka kumtazama, na mkulima akainama. Katibu akaendelea mpaka mstari wa mwisho, ulioandikwa na mama mwenyewe: nimepewa zamu na mbegu, nimemsamehe, hatudaiani.

Mtu mmoja akauliza kwa dhihaka kama kweli mwizi wa maji ndiye atakayelinda maji. Mama akasimama.

“Huyu tunalijua kosa lake na tunajua alivyolimaliza. Ninyi wengine tunajua mazuri yenu tu.”

Wakacheka, kisha wakamchagua.

Sasa nisikilizeni. Tunapomwendea Mungu, tunaomba nini? Tunaomba afute, tutoke kama watu ambao hawakufanya kitu. Hebu fikirini: muhuri wa msamaha wa yule mama ulitokana na kila muhuri uliotangulia, na ule wa kosa ukiwa ndani yake. Kosa lingefutwa, msamaha ungesimama juu ya nini? Na leo, akitokea mtu wa chuki akitaka kuuondoa msamaha ule, atauondoaje? Kufuli lililozuia kosa lisifutwe ndilo linalozuia msamaha usifutwe. Kwa nini basi sisi tunalala na makosa yetu, tukitafuta wa kutufutia, wakati aliyekosewa yuko ng’ambo ya mfereji tu? Tuvuke.

Mwinjilisti Mrutu ametangulia mbele za haki, na yule mama naye, maana mfano ule ulikuwa kisa cha kweli. Katibu yu hai. Mkulima yu hai, na kesho asubuhi ndiye atakayefungua ndiva.