Fundo la Mbeleko

Haya, sogeeni, mwenye kusinzia akae nyuma.

Alikuwapo Mize, mama wa watoto watatu, wa mwisho mgongoni. Shoga yake Siwatu alishikwa na uchungu tangu alfajiri, na hadi alasiri hajazaa. Zimwi lilikuwa limekaa kizingitini, limeuzuia uzazi.

Nanyi mwajua, mzazi akikawia, kila fundo la nyumbani hufunguliwa. Mize akafungua nywele za Siwatu: hola. Akafungua kamba ya mbuzi: hola. Akafungua mafurushi yote ya uvunguni: hola!

Zimwi likacheka. "Limebaki fundo la mbeleko yako. Lifungue, na huyo mtoto nimpakate mimi."

Siwatu akalia, "Usimtoe mwanao, shoga. Niache nife."

"Nyamaza, sukuma!" Mize akafungua mbeleko, akalipakatisha zimwi mtoto. "Haya, mlezi wee! Na hawa wawili waangalie, mimi nina kazi."

Hapo hapo kichwa cha mtoto wa Siwatu kikachungulia. Huku kizingitini, mdogo akalikojolea zimwi. Wa kati akalivuta ndevu, ataka uji. Mkubwa akauliza, "Mbona pua yako kubwa? Mbona? Mbona?"

"Wachukue! Wachukue wote!" Zimwi likamrudisha mtoto, likatoka mbio hata leo halijarudi.

Siwatu, mwanawe kifuani, akauliza, "Limekimbia nini?"

"Limelea kitambo kidogo tu, shoga. Mimi huu mwaka wa sita."

Wakacheka hadi machozi. Ngano nimeitua hapa, atakaye aibebe.