Bibi Ng'washi na Gugu la Ng'ambo

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, kale ya mababu wa babu zetu, palikuwa na bwawa la maji matamu. Halikuwa pana, mtu akiita ng'ambo huitikiwa. Kila upande kijiji, na vijiji viwili hivyo vilikuwa watani.

Upande wa huku aliishi Ng'washi binti Lugata. Wamwitao "bibi wa kamba" hawakosei, lakini hawajamaliza sifa zake.

Siku moja likaja gugu likielea. Jani nene, ua zambarau. Watu wakasema, "Zuri hilo!" Likazaa. Likazaa. Likazaa tena. Likayafunika maji kama mkeka. Samaki wakafa, mitumbwi ikakwama, kwaa!

Watu wa huku waliliita Gugu la Ng'ambo. Na wa ng'ambo je? Nao waliliita Gugu la Ng'ambo.

Wakalikata kwa mapanga. Kila kipande kikaota. Wakashika pondo, ile miti mirefu ya kusukumia mitumbwi. Asubuhi upepo ukivuma kwenda kule, wa huku walisukuma, swaa! Jioni upepo ukigeuka, wa kule walirudisha, swaa!

Basi Masalu, mjukuu wa Bibi Ng'washi, alikuwa amemposa Limi wa ng'ambo. Na desturi yao, bibi harusi huletwa kwa mtumbwi. Mzee Ndaki, babaye Limi, akapaza sauti:

"Mwanangu hazungushwi bwawa kwa miguu kama mbuzi! Mwezi huu ukiisha bila mtumbwi kupita, posa nimeivunja!"

Masalu akamwendea bibi yake. "Bibi, nimekwisha."

"Hujakwisha, mume wangu. Kula kwanza."

Masalu akala. Bibi Ng'washi akakaa ufukweni akitazama pondo zikienda na kurudi. Akacheka peke yake. Kumbe watu walikuwa wakilitembeza gugu, hakuna aliyelitoa!

Akawaita wanawake, wakasokota kamba ya mafunjo, ndefu, nene. Upepo ulipolala, gugu likiwa limetanda bwawa zima, vijana wakapenya kwa taabu, mtumbwi ukikwama na kukwamuka, wakakita vigingi katikati, wakafunga kamba toka mwanzo wa bwawa hadi mwisho, nusu ya maji huku, nusu kule. Jioni upepo ukaja. Gugu likaja nalo. Likafika kambani, tii! Likasimama.

Ng'ambo wakapiga kelele. "Bibi, umetufungia gugu!"

"Lenu nimewafungia, letu nimejifungia! Sasa tutajua wavivu wako upande gani. Watakaochelewa kusafisha upande wao hadi kwenye kamba ndio watakaopika na kucheza ngoma harusini. Wenzao watakula wamekaa!"

Mzee Ndaki akacheka hadi akashika mbavu. "Kukaa na kula ndiyo kazi yenu tangu zamani! Haya, tukutane kambani!"

Vijana wakakimbilia mapanga.

"Weka panga," akasema Bibi Ng'washi. Akafunga kibwebwe, akaingia majini wa kwanza. "Ng'oa na mzizi, peleka nchi kavu!"

Nyofu! Nyofu!

Ng'oa na mzizi! Peleka nchi kavu!

Ng'ambo nao wakaupokea wimbo. Jua likakausha, moto ukala, majivu yakaenda mashambani.

"Shemeji, unaling'oa au unalipapasa?"

"Nyamaza wewe, mgongo umepinda kama ndoana!"

Nyofu! Nyofu! Mwezi haujaisha, mikono ya pande mbili ikaishika kamba kwa pamoja.

"Sisi kwanza!"

"Thubutu! Sisi!"

Wakarushiana maji kama watoto. "Bibi, amua!"

"Macho yangu mabovu, sikuona kitu," akasema Bibi Ng'washi. "Wote mtapika, wote mtacheza."

Kamba ikafunguliwa. Limi akaja kwa mtumbwi, vigelegele mbele, vigelegele nyuma. Alipotaka kushuka, akaona kijiti cha gugu kimenasa ubavuni mwa mtumbwi, na ua lake juu. Limi akakichukua, akakipindua, akakirusha mbali, nchi kavu.

"Kilikuwa na mzizi, Bibi," akasema.

Bibi Ng'washi akapiga kigelegele hata kilemba kikamwanguka.

Ndiyo maana wazee husema: taka unayomsukumia jirani, upepo utakurudishia, itoe.

Nami hadithi yangu imekoma papo hapo ufukweni, ngoma bado inalia.