Foleni ya Mawe kwa Babu Kobe

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa na majiko na vitanda na wakiombana chumvi uani kama sisi, kilikuja kimbunga ambacho hata wazee hawakuwahi kuona mfano wake. Sogeeni, wanangu. Upepo ule sitausimulia kwa sauti kubwa. Ilikuwa kazi ya Mwenyezi Mungu, na kazi yake mtu huizungumza kwa adabu.

Kwanza ndege walinyamaza. Kisha ukaja vuuu, vuuu, siku mbili mchana na usiku. Mapaa ya makuti yaling'oka mazimamazima yakapita angani kama makundi ya kunguru. Minazi ililala chini, yote imeelekea upande mmoja, kama watu waliosujudu.

Siku ya tatu palipopambazuka, wanyama walitoka walikojificha, wakasimama tu. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeuliza kitu. Mbingu ilikuwa safi, imetulia, kama si yenyewe iliyofanya yale. Asubuhi ile, Kiboko na sisimizi walikuwa wa ukubwa mmoja.

Lakini tumbo halikai na mshangao muda mrefu. Jua lilipopanda, kila mmoja akakumbuka njaa yake, na wakubwa wakarudi kuwa wakubwa.

Duka lililobaki lilikuwa moja, la Babu Kobe. Alilijenga kwa mawe, akachukua miaka kumi na miwili kulijenga, na watu walimcheka. Sasa hawakucheka. Ndani mlikuwa na gunia moja kubwa la unga, sukari guru, chumvi, viberiti na viungo kidogo. Mlango wa mbele ulifungukia nje, kwa sababu ndani vitu vilibanana, hapakuwa na nafasi ya mlango kuzunguka.

Mtauliza, kwa nini wenye nguvu hawakuuvunja wakachukua? Kwa sababu wote walimjua Babu Kobe. Ukimfanyia fujo hakujibu wala hakupigana. Alifunga duka, akaingiza kichwa ndani, basi. Safari moja waligombania sukari dukani kwake, akakaa hivyo siku arubaini, na kijiji kizima kikanywa chai chungu. Tangu hapo kwa Babu Kobe watu walipanga foleni.

Na foleni yao ilikuwa ya mawe. Ukifika unaweka jiwe lako nyuma ya jiwe la mwenzako, kisha unakwenda zako kutafuta kuni au kukwamua vitu vyako kwenye matope. Jiwe ndilo wewe. Jiwe la mtu haliguswi, na atakayeligusa hauziwi kitu.

Siku hiyo wa kwanza kufika walikuwa Kiboko na Nyati. Kiboko akaweka jiwe mlangoni. Kisha akafikiri, akaweka la pili. Nyati akamtazama, naye akaweka mawili. Kiboko akaongeza matatu. Walipomaliza, Kiboko alikuwa na mawe ishirini na mawili, na Nyati ishirini kamili, na Nyati akapanda juu ya mnazi ulioanguka akatangaza kwa wote waliokuwa wanafika kwamba sheria ni ileile, jiwe ni mtu, na anaapa kwa aliyeuleta upepo ule kwamba atakayesogeza jiwe hata moja atakuwa amekosana na Mungu.

Hapa nikiri, wanangu, maana Mungu ananijua. Mwaka ule wa mafuriko mimi mwenyewe nilipanga ndoo tatu bombani, na mbili nilisema ni za jirani, na jirani hakuwepo. Kwa hiyo Nyati na Kiboko nawasimulia, siwacheki.

Basi wakaja wengine wengi. Paa, Nungunungu, Kanga na wanawe, Kima mwenye mkono uliofungwa kitambaa. Kila mmoja aliweka jiwe moja. Kwa wingi wa yale mawe arubaini na mawili ya mbele, foleni ilipinda ukuta wa kwanza, ikapinda wa pili, ikaizunguka nyumba kama mkufu.

Wa mwisho kabisa alikuwa Bi Nguchiro. Alichelewa kwa sababu mdogo wake, Mize, alijifungua kimbunga kikiwa kimepamba moto, chini ya kitanda, paa likiondoka. Mtoto alitoka mzima. Lakini Mize hakuwa ametia kitu tumboni siku tatu, na maziwa hayakutoka. Mtoto alinyonya, akanyonya, akaacha. Asubuhi ile hakuwa na nguvu hata ya kulia. Alikuwa anafungua mdomo tu. Bi Nguchiro alijua dawa, kila mwanamke wa kijiji aliijua: uji mwepesi wa moto, wenye sukari guru na pilipili manga, mzazi anywe bakuli mbili, maziwa yashuke. Ila unga ulikuwa kwa Babu Kobe.

Akakimbia na jiwe lake, dogo kama yai la kanga, na mkeka wake mpya kwapani. Alipoona foleni alisimama. Akahesabu kwa macho kutoka mwanzo, akajua gunia litakwisha kwa mawe ya wakubwa wawili kabla halijafika hata kwa Paa.

Hakuanza kwa hila. Hilo lazima niliseme, kwa haki yake. Alikwenda kwanza kwa Kiboko, akapiga goti, akamweleza habari za mzazi na mtoto, akamwomba nafasi moja tu kati ya zile ishirini na mbili.

Kiboko alikuwa anachokoa matope kwenye kucha. "Bi Nguchiro," alisema, "leo kila nyumba ina maneno yake. Nikimpa mmoja, watakuja wote."

"Nafasi moja, Bwana Kiboko."

"Weka jiwe lako mwisho, shemeji. Mungu ni mkubwa."

Nyati naye alimjibu kwamba sheria haina dada wala mzazi.

Bi Nguchiro akarudi mwisho wa foleni, akaweka jiwe lake, akakaa kando yake, akalia kidogo. Alipofuta macho, alijikuta anatazama mbao. Mbao kuukuu, zimeota ukungu, na buibui ametandaza utando wake juu yake. Alikuwa amekaa mbele ya mlango wa uani wa Babu Kobe. Foleni iliizunguka nyumba mpaka mkia wake ukafika mlango wa nyuma.

Akatazama mlango, akatazama jiwe lake, akatazama juu, kule kulikotulia. Kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri, akarudi mbele. Sasa hakupiga goti.

Alimwambia Kiboko, kama mtu anayepita tu, kwamba yeye hana neno, amekubali nafasi yake, ila anamsikitikia. Kiboko akauliza anasikitikiwa nini. Bi Nguchiro akashusha sauti.

"Wadogo wananong'ona, bwana. Sitaji jina. Mlango ukifunguka tu, mtu mwembamba atapenya miguuni mwako, fyu, yuko ndani. Wewe utabaki umesimama na mawe yako."

Kiboko akageuza kichwa taratibu, akamtazama Paa.

"Mimi ni mdogo, sina la kufanya," Bi Nguchiro akaendelea. "Lakini Mungu angenipa mwili kama huo wako, ningelala hapo mlangoni, mgongo kwenye mbao. Hata sisimizi asingepita."

Kiboko alifikiri. Alipenda kila jambo linalohitaji kulala. Akajishusha, pu, mgongo kwenye mlango, tumbo barazani. Nyati hakutaka kuachwa, akaja akajibanza ubavuni mwake. Jua likapanda. Walikuwa hawajalala tangu kimbunga kianze. Haikupita muda wakaanza kukoroma, khoo, khoo, na vumbi la mlangoni likawa linaruka na kutua.

Sijui uongo ule Mungu aliuandika upande gani. Mimi nimesema uongo kwa sababu ndogo kuliko mtoto asiyelia, kwa hiyo nanyamaza.

Adhuhuri ilipokwisha, Babu Kobe alipiga debe mara tatu ndani, ndo, ndo, ndo, dalili kwamba anafungua. Akasukuma mlango. Mlango haukwenda. Akasukuma tena. Akaita nani yuko hapo, na jibu likawa khoo.

Wanyama wote walikuwa wamerudi kusimama kwenye mawe yao. Paa akamtazama Nungunungu, Nungunungu akamtazama Kima. Ilitosha mmoja tu kumgusa Kiboko bega. Hakuna aliyemgusa. Hata Kanga, ambaye tangu aumbwe hajanyamaza, alinyamaza, akawafunika wanawe midomo kwa mbawa.

Na upande wa uani, Bi Nguchiro akabisha.

"Hodi, babu."

"Nani huyo?"

"Mjukuu wako, Nguchiro. Shikamoo. Mbele kumelaliwa na Bwana Kiboko. Huku hakujalaliwa na mtu."

Kisha wakasikia miguu ya Babu Kobe ikija, taratibu, ikizunguka gunia, ikipumzika, ikija tena. Mnaweza kudhani ile ndiyo safari ndefu kuliko zote duniani, na Bi Nguchiro alisimama pale akiomba kimoyomoyo kila hatua. Komeo likalia kriii. Utando wa buibui ukakatika. Babu Kobe akatoa kichwa, akaitazama foleni yote kutoka pale, mawe madogo moja moja, na mbali kule kwenye kona ya ukuta, yale mengi.

"Jiwe hili ni la nani?" akauliza.

"Langu, babu."

"Mimi humuuzia aliye mbele ya mlango," alisema Babu Kobe. "Leo mlango ni huu. Unataka nini, mwanangu?"

Bi Nguchiro akaonyesha kwa mikono, kitu kidogo kilichobebwa. Babu Kobe alielewa. Akapima unga kibaba kimoja, akaongeza kipande cha sukari guru na pilipili manga kwenye karatasi. Bi Nguchiro akampa mkeka wake mpya, kitu pekee ambacho upepo ulimwachia, akatoka mbio hata hakuaga.

Baada yake Kima, kisha Kanga, kisha wengine wote mmoja mmoja, mpaka Nungunungu na Paa. Kibaba kimoja kwa kila jiwe. Kicheko cha watoto wa Kanga ndicho kilichomwamsha Kiboko. Akamwamsha Nyati kwa teke, wakakimbilia uani, ardhi ikatetema. Kiboko akataka kujipenyeza mbele. Babu Kobe alianza tu kurudisha kichwa ndani, polepole, na wanyama wote wakaingiwa na hofu, kwa kuwa walizikumbuka siku zile arubaini. Kiboko akasimama. Nyati akayatazama mawe yake na ya Kiboko, sasa yako mwisho kabisa, na hakuweza kusogeza hata moja, maana aliapa mwenyewe, mbele ya watu, kwa jina zito.

Wakasubiri. Zamu ilipofika kwenye mawe ya Nyati, Babu Kobe aliinua gunia akalikung'uta. Ulitoka unga wa vibaba viwili. Kijiji kizima kilikuwa kimepata chake, na vimebaki viwili. Simlazimishi mtu kuamini. Nasema nilivyosimuliwa.

Nyati alishika vibaba vyote viwili, ni haki yake, mawe yalikuwa yake. Akavitazama. Akamtazama Kiboko, tumbo limembonyea. Akampa kimoja.

Lakini Kiboko alikuwa na hasira yake. Jioni jua likiwa bado lipo, alikwenda nyumbani kwa Bi Nguchiro. Nyumba haikuwa na paa, kwa hiyo hakuhitaji hodi. Aliinamisha tu kichwa juu ya ukuta.

Bi Nguchiro alimwona, akainuka. "Nilikudanganya," alisema kabla hajaulizwa. "Hakuna aliyenong'ona. Nilikusifia mwili wako ili ulale. Nihukumu unavyotaka, bwana, ila ongea taratibu."

Kiboko alifungua mdomo wake mkubwa kujibu. Ndipo akaona. Pembeni ya jiko Mize alikuwa ameegemea, bakuli tupu mapajani, na kifuani mwake kitu kidogo kuliko sikio la Kiboko, kinanyonya. Kilikuwa kinanyonya kwa nguvu, nyo, nyo, nyo, maziwa yanachuruzika mashavuni, na katikati kikaachia, kikalia. Kilio chembamba. Kilijaa nyumba yote isiyo na paa, kikapanda juu.

Kiboko akafunga mdomo.

"Huyu alikuwa wapi upepo ulipopita?" akauliza, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Hapo hapo chini ya kitanda," alisema Bi Nguchiro.

"Minazi imeng'oka."

"Imeng'oka, bwana."

"Na huyu akapitwa."

"Akapitishwa," alisema Mize, na ndilo neno pekee alilosema siku ile.

Kiboko akaweka kibaba chake cha unga juu ya ukuta, polepole, kisimwagike, akaondoka kwa ncha za miguu, yule mzito, kijiji kizima kisisikie hatua yake.

Hayo ndiyo nilitaka kuwaambia, wanangu, na wa kwanza kuambiwa ni mimi: ukijaza nafasi za wenzako, unairefusha foleni itakayokuacha nyuma.