Siku Sobeki Aliporudi Nyuma

Hapo zamani, katika nchi ya Misri, wakati watu wa kule wakingali wakiabudu mamba na paka, aliishi hohehahe mmoja jina lake Ipui. Watu walimwita punguani, kwa kuwa kila aambiwalo hulitenda vile vile lilivyosemwa. Mali yake yote ilikuwa kishamba cha vitunguu kando ya hekalu la Sobeki, mungu mwenye kichwa cha mamba, nacho ndicho kilichomlisha yeye na mama yake kikongwe.

Basi liwali wa mji, Bwana Senbi, akakitamani kile kishamba apate bustani ya kupungia upepo. Wala hakusema ni tamaa yake, la hasha; alisema Sobeki amekitaka. Na desturi yao ilikuwa hivi: sanamu ya mungu hutiwa ndani ya mashua ya dhahabu, makuhani kumi na wawili wakaichukua mabegani, kisha mtu huuliza swali lake. Mashua ikisogea mbele, mungu amekubali. Ikirudi nyuma, amekataa. Lakini mbele ya liwali haikupata kurudi nyuma hata siku moja, maana makuhani wale walikula na kunywa kwake.

Ikawa siku ya sikukuu liwali akauliza, na mashua ikaja mbele upesi. Ipui akalia mbele ya kadamnasi, akasema mama yake atakufa njaa. Liwali akatabasamu.

"Ewe punguani, mfanye mungu arudi nyuma, na shamba litakuwa lako milele. Ila usimguse, wala usiwatishie fimbo wachukuzi wake. Ukishindwa, utakwenda kuchonga mawe jangwani hata ufe."

Maskini Ipui! Akawatazama wale makuhani: vitambi vimetuna, viganja laini kama vya bibi harusi. Akainama hadi chini.

"Ewe Sobeki, bwana wa maji, shamba la mungu hulimwa na watumishi wa mungu, na watumishi wako ndio hawa kumi na wawili. Je, wakubali kulitwaa shamba langu, nao walilime kwa jembe na kulinyweshea kwa ndoo kutoka mtoni, tangu kesho alfajiri, na..."

Hakumaliza. Mashua ilirudi nyuma, ikapita nguzo ya kwanza, ikapita ya pili, ikarudi hata ikagonga mlango wa hekalu. Liwali akauliza tena kwa sauti ya kuamrisha. Haikutoka pale mlangoni. Watu wakaangua kicheko, kwani sharti liwali alilitoa mwenyewe, na mungu alimleta mwenyewe.

Ipui, alivyo punguani, akauliza tena kwa unyenyekevu kama Sobeki aridhia Bwana Senbi ampelekee mama yake magunia mawili ya shayiri kutoka ghalani kwake. Makuhani, kwa furaha ya kuokoka jembe, wakaja mbele mbio mpaka wakamkanyaga liwali vidole.

Bwana Senbi akaitazama mashua, akawatazama watu, kisha akacheka hata akatokwa na machozi. Na shayiri ikapelekwa siku ile ile.