Kamera Iliyosema Hakuna Lenzi

Wapendwa, palikuwa na mpiga picha mwenye kibanda mkabala na hospitali ya wilaya. Asubuhi moja lenzi ya kamera yake ilimponyoka ikavunjika. Ilichagua siku vibaya. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa siku hiyo moja tu, na hakuna mgonjwa aliyepokelewa bila fomu, wala fomu iliyopokelewa bila picha. Dirisha la kupokelea fomu lilikuwa linafungwa saa sita kamili.

Saa tano na nusu akaingia binti amemshika baba yake mkono. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika mzee macho yote mawili.

"Fomu inataka mgonjwa aitazame kamera," mpiga picha akasoma.

"Mwanangu," mzee akajibu, "ningekuwa naiona kamera, ningekuja huku kufanya nini?"

Mpiga picha akatoa kabatini lenzi ya marehemu baba yake, chuma na kioo kitupu, ya kuzungusha kwa mkono. Alikuwa nayo pete ya kuiunganisha na kamera ya kisasa, ila hakuwahi kuijaribu. Akaifunga, akazungusha taratibu, uso wa mzee ukatulia kwenye skrini, kila kunyanzi mahali pake. Akabonyeza. Kimya. Kamera ikaandika: Hakuna lenzi.

Akaifungua, akaifuta, akaifunga upya. Hakuna lenzi.

Binti akachungulia. "Kaka, mbona baba namwona hapo? Kama lenzi haipo, tunamwonea wapi?"

"Dada, mimi nakubaliana na wewe. Anayekataa ni huyu."

"Na huyu ndiye mkubwa wako?"

Hapo akili ikamrudia. Akaingia kwenye mipangilio, akapekua ukurasa baada ya ukurasa, hadi chini kabisa, pale waunda mashine wanapoficha huruma yao, akakuta mstari: Ruhusu kupiga picha bila lenzi. Akaruhusu. Akabonyeza. Picha ikatoka safi, na nadhani kamera ile mpaka leo inaamini picha hiyo ilipigwa na hewa. Saa sita kasoro dakika nne karani wa dirishani akaigonga fomu muhuri bila kuinua uso. Mzee akashusha pumzi, binti akaketi sakafuni palepale akacheka peke yake.

Nanyi mnacheka. Lakini mashine ilikosea nini? Lenzi za siku hizi hujitambulisha kwa kamera zenyewe. Ile ya zamani haijui kujitambulisha, inajua kuonyesha tu.

Sasa niambieni: wiki iliyopita, kikao chetu kilikaa saa mbili kujadili nini? Si yule mama anayewaogesha wagonjwa wa mtaa huu? Kwamba siku akifa tumzike au tusimzike, maana jina lake halimo kwenye daftari la jumuiya? Wagonjwa wale sisi wenye majina tunawaombea tukiwa mbali. Tukapiga kura, tukamwona hayupo. Na mimi mkono wangu ulikuwa juu.

Tumshukuru Mungu, ndugu zangu, mama yule hajafa. Jana nilimkuta mlangoni kwa mgonjwa, ndoo mkononi, nami nimemzibia njia, akaniambia, "Mchungaji, nipishe mlangoni, maji yanapoa." Nikampisha. Kwa hiyo muda tunao bado. Tukimaliza ibada, daftari litakuwa wazi pale mezani, na kalamu nitaishika mimi.