Baiskeli ya Mkunga

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Milimita mwenyewe hulikiri jambo hilo siku hizi bila kubembelezwa, tena huanza kucheka kabla hujamuuliza, kwa sababu kicheko cha mwenye kosa kikitangulia, cha watu hupungua makali. Lakini jambo lenyewe lilipokuwa likitokea hakucheka. Alikuwa amekaa kitako katikati ya kichochoro, suruali imelowa povu la sabuni, na baiskeli aliyoiunda kwa mikono yake imemlalia mapajani kama mbuzi aliyegoma kwenda mnadani.

Jina la Milimita alipewa na wateja. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, na humo aliunda baiskeli za chuma moja moja, kila moja kwa mwili wa mwenyewe, kama fundi cherehani anavyokata suti. Alipima mguu, mkono na kiwiliwili, akachora, akakata mabomba, akayapiga tupa midomo yake hadi yakakutana bila kupitisha hata mwanga, kisha akayaunga kwa shaba iliyoyeyushwa. Vitu ambavyo wenzake walivinunua dukani yeye alivitengeneza. Pedali alizichonga, ngozi ya kiti aliishona mwenyewe, kengele aliifua kutokana na bomba kuukuu la shaba. Mtu akithubutu kusema kazi imepishana kidogo, alimjibu, "Kidogo ndiyo kiasi gani? Mimi sina kidogo. Nina milimita."

Jambo moja tu hakulifanya: hakupanda. Tangu anunue pikipiki, makalio yake yalikuwa hayajaonana na kiti cha baiskeli kwa miaka kumi na miwili. Kazi ikikamilika, aliifunga kwenye stendi katikati ya karakana, akalizungusha gurudumu, akafumba macho na kusikiliza. Ikivuma sawasawa bila kukwaruza, imefaulu. Waliomshangaa aliwaambia, "Mwokaji mikate haingii tanuri kuhakikisha kama lina moto." Na kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa vijana wa mbio, watu wa barabara pana na mwendo wa mshale, hakuna aliyewahi kurudi na lawama.

Ndipo dada yake alipomjia. Dada huyu, aliyemzidi kwa miaka sita, alikuwa mkunga wa zahanati. Kazi yake haikuwa ya kukaa. Kila siku alizunguka nyumba kwa nyumba kuwatazama wajawazito na waliojifungua, mkoba wa vifaa ukining'inia mbele ya usukani. Mtaa aliouhudumia ulikuwa wa vichochoro, kona juu ya kona, mahali ambapo gari haliingii na pikipiki huamsha vichanga. Baiskeli yake ya zamani ilipokatika shingo, hakuwa na haja ya kutafuta fundi mbali.

"Nataka fupi," alimwambia. "Mgongo wangu umechoka kujinyoosha kuufuata usukani."

"Dada, nitakuundia baiskeli ambayo ukifa utaomba uzikwe nayo."

"Mimi nataka ya kufanyia kazi. Mambo ya kaburi niachie mwenyewe."

Milimita alijifungia na kazi ile kwa miezi miwili. Bomba la juu alilifupisha, kama alivyoombwa. Magurudumu hakuyapunguza, kwa sababu, alivyosema, magurudumu madogo ni ya watoto na wacheza sarakasi. Madigadi ya kuzuia matope aliyagonga kwa nyundo kutoka kwenye bati jipya hadi yakapinda kama nyusi za bibi harusi. Akaipaka rangi ya zambarau iliyoiva. Aliipandisha stendi, akapitisha kidole kati ya ncha ya pedali na madigadi ya mbele, kidole kikapita, akaridhika. Hakujiuliza gurudumu likigeuka itakuwaje. Kwenye stendi gurudumu haligeuki. Limefungwa litazame mbele kama askari wa gwaride. Alilizungusha, likaimba.

Kabla ya wiki tatu kwisha, mkunga alikuwa ameanguka mara mbili. Alifika karakana akiisukuma baiskeli, goti limefungwa bendeji.

"Ncha ya mguu inagusa," alisema.

"Inagusa nini?"

"Hapa mbele. Nikikata kona polepole, buti inabana kwenye madigadi, usukani unakataa kurudi, nami ninakwenda chini na mkoba wangu."

Milimita hata hakuinama. Aliifunga baiskeli kwenye stendi, akalizungusha gurudumu, akafumba macho, akainua kidole hewani kama mwalimu wa kwaya. "Hebu sikiliza. Hiyo ni sauti ya baiskeli yenye kosa?"

"Mimi sipandi sauti, mdogo wangu. Panda wewe, ukate kona."

"Dada, tatizo lako umezoea lile kochi la zamani. Huyu ni farasi. Mpe muda akuzoee."

"Aliyenizoea mpaka sasa ni ardhi tu."

Milimita alicheka, akaifuta baiskeli vumbi, akamrudishia vilevile ilivyokuja.

Siku ya Jumatano alipata mgeni asiyemtarajia. Msimamizi wa zahanati, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alisimama mlangoni na daftari mkononi.

"Mkunga wangu ameanguka mara mbili," alisema. "Mara ya pili vifaa vimemwagika matopeni, na mama mwenye uchungu amengoja saa nzima tuvichemshe upya. Watu wananiuliza, nami sina jibu. Wewe ndiye fundi. Kosa ni la baiskeli au la mpandaji?"

Angeweza kusema, "Niache niitazame." Maneno mawili, wala hayana uzito wa kuvunja ulimi. Lakini Milimita alisikia swali moja tu, nalo ni kama yeye ni fundi au si fundi.

"Mama, baiskeli ile haina kosa hata la milimita."

"Basi kosa ni la mpandaji." Msimamizi aliandika. "Umri nao umesogea. Jumatatu atahamia chumba cha kadi, kuandikisha wagonjwa. Mzunguko wa nyumba nitampa mwingine."

Akaondoka. Milimita akabaki ameshika tupa. Alikuwa ameitetea baiskeli. Hakujua kwamba alikuwa akimhukumu mtu.

Alasiri ile dada yake alikuja. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha ndugu yake zaidi. Alivuta kigoda, akaketi.

"Miaka ishirini na mitatu ninapokea watoto wa mtaa ule," alisema. "Wengine nimewapokea wao, sasa ninawapokelea watoto wao. Umeniondoa kwa sentensi moja."

"Nimesema ukweli tu, dada."

"Basi keshokutwa ukaseme ukweli huo kwa miguu. Uvae buti kama mimi, ubebe mkoba wangu, upite njia yangu. Msimamizi nitamwomba atufuate. Ukimaliza mzunguko bila kuanguka, nitakwenda chumba cha kadi mwenyewe, wala hutasikia neno langu tena."

Mtu mwenye akili timamu angeona papo hapo kwamba ushindi wake ungekuwa msiba wa dada yake. Milimita hakuuona msiba. Aliona kona chache na sifa zake zikizipita moja baada ya nyingine. Sifa zikimjaa mtu kichwani, undugu husogezwa pembeni kama kiti cha akiba.

"Keshokutwa," alisema. "Na usije ukalia."

Ijumaa asubuhi, zahanati nzima ilitoka nje kumwona akipanda. Alitia miguu kwenye buti za mpira, akapachika mkoba mbele, akaanza. Barabara ya kwanza ilikuwa pana, nayo baiskeli ikateleza kama kisu kwenye siagi. Milimita alipiga kengele yake ya shaba bila sababu yoyote. Aliwapungia mkono watu asiowajua. Nyuma yake walikuja msimamizi na mkunga kwa miguu, mmoja na daftari, mwingine ameweka mikono nyuma.

Kisha kichochoro kikaanza. Kilianza kwa upana wa watu wawili, kikapungua hadi mmoja, tena aliyekonda. Palikuwa na ndoo, palikuwa na kuku, palikuwa na mtoto anayetambaa, na haiwezekani kumpita mtoto anayetambaa kwa mwendo wa mshale. Milimita alipunguza mwendo hadi baiskeli ikawa inatembea tu. Mbele yake kona ilipinda kushoto, na pale konani mama mmoja alikuwa akifua nguo kwenye mabeseni mawili. Milimita aligeuza usukani kushoto, mguu wa kulia ukiwa mbele.

Kwa! Buti iligonga madigadi, ikakwama. Alitaka kuurudisha usukani; haukurudi, mguu umeuzuia. Alitaka kuutoa mguu. Haukutoka, baiskeli ilikwisha kuinama. Kwa muda mfupi alisimama hewani kama mtu anayefikiri jambo zito, kisha akaingia beseni la kwanza.

"Karibu, fundi," alisema yule mfuaji. "Ungeniambia tu kama nguo zako ni chafu, ningekuja kuzichukua."

Kichochoro kizima kililipuka kwa kicheko. Milimita aliinuka akitiririka maji.

"Ni hizi buti!" alisema. "Zina pua ndefu kama mamba. Buti si baiskeli."

"Vua," dada yake akamwambia.

Alivua. Alirudi nyuma hatua ishirini, akapanda peku, akaja polepole, akakata kona ile ile. Mara hii kidole gumba ndicho kilichotangulia, na ukingo wa bati ukakieleza kwa sekunde moja mambo ambayo dada mtu alikuwa ameshindwa kuyaeleza kwa wiki tatu. Milimita alipiga ukelele, akaanguka.

"Hilo la pili ni la kusuuza," mfuaji alimjulisha.

Msimamizi alimgeukia mkunga. "Kona hii unaipita mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne. Nikiitwa kwa dharura, mara sita."

"Kwa wiki tatu umeanguka mara mbili. Fundi amepita mara mbili, ameanguka mara mbili." Alichana ukurasa wa daftari, akaukunja, akautia mfukoni. "Nyumba zibaki kwako. Chumba cha kadi nitatafuta mwingine. Na wewe fundi, nakupa wiki moja."

Walipoondoka, Milimita alichuchumaa mbele ya baiskeli kwa mara ya kwanza tangu iitwe baiskeli. Aligeuza gurudumu kushoto, akaisogeza pedali mbele, akatazama. Pale ambapo kidole chake kilikuwa kimepita, sasa hata ukucha haukupata nafasi. Na kwenye ukingo wa madigadi, rangi ya zambarau ilikuwa imekwanguliwa hadi bati, ikang'aa. Mkwaruzo ule haukuwa wa Ijumaa. Ulikuwa wa wiki tatu, wa buti za mtu aliyekuwa akisema kweli kila siku mara nne. Alipokuwa ameifunga baiskeli ile kwenye stendi mbele ya dada yake, mkwaruzo ulikuwa umemtazama usoni. Yeye alikuwa amefumba macho, akisikiliza.

Aliisukuma hadi karakana akichechemea. Akachukua msumeno wa chuma, akaikata fremu katikati. Kila mkwaruzo wa msumeno ulipita kwenye maini yake, lakini aliikata. Aliongeza urefu wa vidole vitatu mbele ya pedali, akaupinda usukani kurudi nyuma ili mgongo wa dada usijinyooshe, na yale magurudumu ya wacheza sarakasi aliyoyadharau akayafunga, la mbele na la nyuma. Hakuna aliyemsikia akiimba siku zile.

Siku ya saba dada yake alikuja kuichukua. Lakini majivuno ni kama ndevu: ukiyanyoa leo, keshokutwa yamechomoza. Milimita alikuwa ameipandisha stendi, imepakwa rangi upya, na gurudumu linavuma. Kidole gumba chake kilikuwa kimepona, na fundi alikuwa amerudi kuwa fundi.

"Sasa haina kosa," alisema. "Na nikwambie kitu, dada, usikasirike. Hata ile ya kwanza, mbele ya mtaalamu, ilikuwa kazi kamili. Ni vichochoro vyenu tu vilivyopotoka. Wewe ni mkunga, nakuheshimu, lakini baiskeli hii kila bomba nimelikata mimi, kila kiungo nimekiunga mimi, hata ngozi unayoikalia nimeishona mimi. Hebu niambie, duniani hapa ni nani anayeweza kuijua kuliko mimi?"

Mkunga aliifungua kutoka kwenye stendi, akaishusha chini. Akapachika mkoba wake, akapanda palepale karakanani, akazunguka meza ya kazi polepole, kushoto kisha kulia, ncha ya buti ikipita bila kugusa. Akaelekea mlangoni, akamjibu bila kugeuka:

"Anayeipanda, mdogo wangu. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake."